Dakika Thelathini na Nane

Nimevunja kanuni ya kazi. Haya, nimeshasema, roho imetulia. Sasa ngojeni nianze mwanzo, maana nikianzia mwisho mtaniona jambazi, na mimi hata kalamu ya mtu sijawahi kuondoka nayo.

Naitwa Shufaa. Chuo nimemaliza mwezi wa tatu, cheti mama amekitundika sebuleni juu kabisa ya saa ya ukutani, mgeni akitaka kujua saa lazima akisome kwanza. Kazi nikapata Chumba cha Milango, na hapa Bondeni hiyo si kazi ndogo. Mji wetu wote uko chini ya mwamba wa Mirihi, watu elfu sita, hewa upande huu, kifo upande wa pili, na katikati mlango. Mlango unakutambua kwa kiganja. Ukiweka mkono, unatuuliza sisi: huyu nani, na huko ndani ana nani? Kitabu chetu kinajibu, unapita. Yote yanaisha kabla hujapepesa jicho. Mimi na mkuu wangu Bwana Kilonzo tunakaa tu kuangalia kama kuna mlango umechanganyikiwa, na milango haichanganyikiwi, kwa hiyo siku kumi na moja za kwanza nilikunywa chai mpaka nikavijua vikombe vyote kwa nyufa zake.

Siku ya kumi na mbili, Jumanne, saa tatu na dakika nne asubuhi, taa ya hospitali ikawaka nyekundu.

"Chumba cha Milango!" Ilikuwa sauti ya Daktari Lema, na Daktari Lema huwa hapandishi sauti hata akikanyagwa. "Tangi langu halifunguki! Nina mtu kwenye machela na tangi halifunguki!"

"Nani huyo, daktari?" nikauliza.

"Nasimiyu. Yule fundi wa kuchomelea. Suti imepasuka kwenye goti, amekaa nje bila hewa sekunde arobaini."

Chai ikanimwagikia mapajani na wala sikuisikia.

Nasimiyu namjua. Nani hamjui? Mwanamke mrefu, akicheka korido ya pili wanajua kuna jambo korido ya kwanza. Na tangi nalo nilijua ni nini, maana chuoni tulilisoma wiki nzima. Mtu suti yake ikipasuka, damu inatoa mapovu kama soda iliyofunguliwa kwa pupa. Dawa ni moja tu: umtie kwenye chumba cha chuma, ulipandishe shinikizo, kisha ulishushe polepole. Shida ni kwamba mmoja kati ya kumi moyo wake husimama humo ndani. Zamani kuna mzee aliingizwa ndugu zake hawana habari, akafia humo, mji ukawaka kwa hasira. Tangu hapo tangi limefungwa kwa sheria. Halifunguki mpaka msemaji wa mgonjwa aweke mkono. Mume, mke, mzazi, mtoto. Kama huna mtu kabisa, daktari mwenyewe anakuwa msemaji wako.

Nikavuta jina la Nasimiyu kwenye skrini. Maandishi yakaja mazuri, ya adabu, kama barua ya mwaliko:

*Msemaji yupo. Aina ya kifungo: Mkataba wa Wenza. Nasubiri uthibitisho kutoka Duniani. Dakika thelathini na nane.*

"Daktari," nikasema, "una muda gani?"

"Ishirini na tano. Zikizidi hizo ataamka, lakini nikimwonyesha kijiko atauliza ni mnyama gani."

*

Niwaambie kuhusu ule mkataba, haraka haraka, kama nilivyoambiwa mimi huku Bwana Kilonzo akivaa miwani yake.

Kitabu cha ndoa kipo hapa hapa Bondeni, ndani ya mashine iliyo nyuma ya kiti changu. Kilikuja na meli ya kwanza. Miaka kumi na moja baadaye, watu wakaanza kudai: na sisi wanawake wawili je, na sisi wanaume wawili? Mji ukagombana miezi sita. Mwishowe kamati ikakaa, na katika kamati hiyo alikuwemo Bwana Kilonzo. Wakatoa Mkataba wa Wenza. Haki zote: nyumba, urithi, watoto, kusemea mgonjwa. Kitabu chake wakakiweka Duniani kwa muda, mpaka nafasi ipatikane hapa. Hiyo ni miaka tisa iliyopita. Na kutoka hapa kwenda Duniani, neno huchukua dakika kumi na tisa. Kurudi, kumi na tisa nyingine.

"Tuliwapa kila kitu," alikuwa akipenda kusema Bwana Kilonzo, na alisema kwa fahari, si kwa ubaya. "Kila kitu isipokuwa jina. Jina lina shida gani?"

Sasa alikuwa amesimama nyuma yangu anasoma ile skrini, na nikamsikia akipumua kwa pua.

"Kumbe mlango unasoma jina," nikasema.

Akausogelea ule mstari, akausoma tena.

*

Riziki, mwenza wa Nasimiyu, aliingia anakimbia. Hospitali iko korido moja tu juu yetu. Ni mwalimu wa darasa la pili, mdogo wa umbo, ana miwani ya kamba, na siku hiyo alikuwa kwenye somo la kuchora, kwa hiyo viganja vyake vyote viwili vilikuwa na rangi ya buluu mpaka kwenye vifundo.

"Nimeweka mkono," akasema. "Nimeweka mara sita. Nikadhani ni rangi. Nimenawa, nimeweka tena. Shufaa, mdogo wangu, mlango umeharibika, njoo uurekebishe."

"Haujaharibika, da Riziki."

"Wangu wa nyumbani unafunguka! Miaka minne unafunguka!"

Mlango ule wa nyumbani nilikuwepo siku unafundishwa. Mnajua desturi yetu ya kifungua mlango. Wanawake wanajipanga mlangoni kwa bibi harusi, wanaziba, wanaimba kashfa, hakuna kuingia mpaka zawadi itoke. Hapa Bondeni tumeiongezea: zawadi ikishatoka, maharusi wanaweka viganja pamoja kwenye mlango wa nyumba yao, mwandikishaji anapiga muhuri, mlango unaitika, vigelegele. Siku ya Riziki na Nasimiyu nilikuwa mstari wa mbele kuziba. Nasimiyu alitoa leso kumi na mbili na sahani ya kashata nikamwambia haitoshi, akaninyanyua kama mtoto akaniweka pembeni. Mwandikishaji alikuja, akala pilau sahani mbili, akapiga muhuri. Mlango ukaitika. Sote tukaamini mambo yamekwisha, maana kwetu ukishaitikiwa na mlango umeoana, hayo ndiyo tunayoyajua tangu utotoni.

Kumbe mlango wa nyumba huitika kwa kiganja chochote utakachoufundisha. Hata cha fundi bomba. Kwa watu wa ndoa, ule muhuri unaandika kitabuni palepale. Kwa hawa wawili, muhuri ulituma barua Duniani. Na hakuna hata mmoja kati yetu aliyeuliza, kwa sababu tulikuwa tunacheza.

"Dakika ngapi?" Riziki akauliza. Alikuwa anatazama uso wangu, si skrini.

"Zimebaki thelathini na moja kabla ya jibu."

"Na yeye?"

"Kumi na nane."

Hakulia. Alikaa chini sakafuni, pale pale, akaegemeza kichwa kwenye mguu wa meza yangu.

*

Kwenye skrini yangu kuna sehemu moja inaitwa aina ya kifungo. Ina vitufe vitatu. *Ndoa. Mkataba. Hakuna.* Nikaweka kidole juu ya cha kwanza. Kikawa cha kijivu. Kinataka ufunguo wa mkuu, ule anaouvaa shingoni.

"Bwana Kilonzo," nikasema. "Ufunguo."

"La."

"Ni kitufe kimoja tu!"

"Shufaa, nisikilize, na usinipigie kelele, mimi ni sawa na baba yako." Alikuwa ameushika ufunguo kupitia shati kama mtu anayeshika jino linalouma. "Nikiandika ndoa ambayo haipo, kisha moyo ukasimama mle tangini, nani kamsemea? Msemaji wa uongo. Daktari anaenda jela. Na kesho mtu yeyote anayetaka kumnyang'anya mjane nyumba atasimama barazani aseme, Kilonzo huandika ndoa za uongo, hebu tuikague na hii. Hicho kitabu kina watu elfu mbili ndani yake."

Kinachouma ni kwamba alikuwa na hoja. Ningekuwa naandika mtihani ningempa alama.

"Basi afe kwa usafi wa kitabu," akasema Riziki kutoka sakafuni. Sauti yake ilikuwa ya darasani kabisa, ile ya kumwambia mtoto aokote takataka zake. "Ndiyo unachosema, bwana?"

"Sijasema hivyo, mwalimu."

"Umekaa kwenye kamati. Uliniambia mwenyewe, nikiwa nimevaa gauni langu jeupe, uliniambia ni sawasawa na ndoa. Ulinishika mkono."

Bwana Kilonzo akavua miwani. Alipozungumza tena alizungumza na vikombe.

"Kuna kitufe cha tatu."

Nikageuka. *Hakuna.* Kilikuwa cheupe, kinang'aa, hakitaki ufunguo wa mtu yeyote.

"Mkataba ni mkataba," akasema polepole. "Kuufunga kunataka Dunia. Kuuvunja, mmoja wa wenza anaweka mkono hapa, basi. Tuliandika hivyo ili watu wasije wakanaswa. Akiuvunja, mgonjwa anakuwa hana mtu. Na asiye na mtu, daktari anamsemea."

Jamani. Nilikaa na hiyo sentensi mdomo wazi. Yaani kama wale wawili wasingeandikishana kabisa, Nasimiyu angekuwa tangini saa tatu na dakika tano. Na kama wangekuwa mume na mke, vilevile. Ni huku katikati tu, kwenye haki zote kamili, ndiko mtu anakosa hewa.

"Na kuurudisha?" Riziki akauliza.

"Maombi mapya. Miezi saba. Wakati mwingine minane."

"Na huku katikati mimi ni nani kwake?"

Daktari Lema alikuwa bado hewani, tukamsikia anamwambia muuguzi ashike kichwa, ashike vizuri. Halafu akatuambia sisi: "Kumi na nne."

Riziki akasimama. Akafuta mkono kwenye sketi, rangi haikutoka, akauweka kwenye kioo cha meza yangu. Kiganja cha buluu, vidole vitano vyembamba.

"Andika," akasema.

Nikabonyeza. Mashine ikauliza sababu ya kuvunja. Ikatoa orodha: *Ugomvi. Kuhama. Kifo. Kuchokana.* Nikatafuta nafasi ya kuandika nyingine. Haipo. Nikabonyeza kupita. Ikakataa.

"Lazima uchague moja, da Riziki."

Akainama kusoma, miwani ikaning'inia kwenye kamba, na ghafla akatoa sauti ambayo sijui niiite kicheko au nini.

"Weka kuchokana. Kuhama hataamini, ananijua naogopa ngazi." Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye mkono. "Ataniua. Akipona ataniua huyu."

Nikaweka kuchokana. Skrini ikapepesa. *Nasimiyu Wekesa. Kifungo: hakuna. Msemaji: daktari wa zamu.* Na kwenye spika nikasikia mlango wa chuma ukifunguka kwa mkoromo, na Lema akisema, ingiza, ingiza, ingiza.

Zilikuwa zimebaki dakika kumi na tatu.

*

Saa tatu na dakika arobaini na mbili, Riziki akiwa amesharudi juu kukaa kwenye benchi la nje ya wodi, Bwana Kilonzo akiwa ameenda kutoa taarifa barazani, jibu kutoka Duniani likafika. Niko peke yangu. Lilikuja na kengele ndogo, ting, kama simu ya bahati nasibu.

*Tumethibitisha. Mkataba ni halali. Bi Riziki Mbaruku ni msemaji halali wa mgonjwa na anaruhusiwa kuingia mahali pote. Haki zake ni sawa kabisa na za ndoa. Tunamtakia mgonjwa afueni.*

Nikalisoma mara tatu. Nikataka kulitafuna.

Saa nne na robo, Nasimiyu akatolewa tangini akiwa hai. Daktari Lema aliacha spika wazi, nadhani kwa makusudi.

"Hiki nini?" nikamsikia.

Nikaanza kuhesabu mapigo yangu.

"Kijiko," ikasema sauti iliyokauka. "Mbona unaniuliza mambo ya kitoto? Riziki yuko wapi?"

Nikapiga meza kwa ngumi, nikapiga kigelegele peke yangu kama mwehu. Halafu taa ya wodi ikawaka ya njano. Riziki alikuwa ameweka mkono mlangoni. Mlango ukamjibu, na mimi nikasoma jibu lile kwenye skrini yangu: *Mgeni. Wageni huingia Jumamosi.*

"Riziki yuko wapi?" Nasimiyu akarudia, safari hii kwa woga. "Daktari, mbona haji? Kimempata nini?"

Sasa sikilizeni, hapa ndipo kosa langu lilipo. Mkataba ukivunjwa, sisi tunaandika hapa, kisha ndani ya dakika tano tunatuma habari Duniani nao wafute kwao. Kutuma ni kitufe. Kitufe ni changu. Ile hekaheka ya asubuhi nilikuwa nimesahau kukibonyeza, na hilo naapa kwa cheti changu ni kweli. Lakini sasa nilikumbuka. Na nilikumbuka pia kanuni ya kwanza kabisa aliyonifundisha Bwana Kilonzo: kitabu cha hapa kikipishana na cha Dunia, mlango ufuate cha Dunia.

Cha hapa kinasema hakuna. Cha Dunia kinasema msemaji halali, mahali pote.

Nikauelekeza mlango wa wodi ufuate cha Dunia. Nikautoa mkono wangu kwenye kitufe cha kutuma, nikaukalia kabisa, niwe na hakika.

Mlango ukafunguka.

Sikuzima spika. Nilipaswa kuzima, lakini msinihukumu. Nilisikia viatu, halafu kitu kikaanguka.

"Mkono wako una rangi gani?" akasema Nasimiyu.

"Buluu. Usiongee."

"Lema kaniambia. Eti umenichoka?"

"Vibaya mno."

"Miaka minne tu?"

"Usiongee, nimekwambia."

Ndipo nikazima.

*

Bwana Kilonzo alirudi saa nne na nusu. Hakukaa. Alikuja moja kwa moja kwenye skrini yangu, na mstari ule ambao haujatumwa ulikuwa pale juu, wa njano, unapepesa kama jicho la paka.

"Shufaa. Hii haijaenda."

"Najua."

"Kanuni ni dakika tano."

"Najua, Bwana Kilonzo."

"Na mlango wa wodi nani kaufungua?"

"Mimi. Kwa kanuni uliyonifundisha."

Alikuwa amechoka, suruali ina vumbi la korido, na kwa mara ya kwanza nikaona ni mzee. "Baraza wanataka kitabu kiwe safi," akasema. "Kesho wanakaa. Nimewaambia kitabu cha wenza kije hapa, kiingie kwenye mashine hii hii, jina moja, mlango mmoja. Wamesema watafikiria. Sasa nikienda na rekodi chafu watapata pa kunishikia. Tuma, binti yangu."

"Nitatuma."

"Sasa."

Nikamtazama. Siwadanganyi, niliona kazi yangu inaenda na cheti kinashuka ukutani. Lakini juu yetu korido moja kulikuwa na mtu ameshikwa mkono na mgeni wake wa Jumamosi.

"Nisubiri dakika thelathini na nane," nikasema.

"Unasema nini?"

"Si nyingi. Wao uliwapa wazisubiri, ukasema ni sawasawa. Kaa, Bwana Kilonzo. Chai ipo."

Nilidhani atanifukuza. Aliangalia mlango, akaangalia ile taa ya wodi iliyokuwa sasa ya kijani. Akavuta kiti chake taratibu, kikakwaruza sakafu, akakaa akiitazama saa ya ukutani. Alikunja miguu, akaikunjua. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akainuka akaenda mpaka mlangoni, akarudi, akakaa tena. Akaushika ule ufunguo wa shingoni, akauachia.

"Zimepita ngapi?" akauliza mwishowe.

Nikatazama.

"Tisa."

"Tisa tu?" akasema Bwana Kilonzo.